Kanawe Uso: Mahame na Makazi katika Tungo Zetu

Ushairi wa Kiswahili unajua kuyalilia mahame. Tangu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipousimamisha moyo wake mbele ya magofu ya Pate, akauhoji katika Al-Inkishafi, sisi tuliokuja nyuma yake tumerithi jicho la kuitazama nyumba iliyokwisha kuachwa. Jicho hilo ni mali, wala sisemi tulitupe. Lakini mtu aliyehama hakai katika mahame. Anakaa kwingine, katika mji ambao hajui duka lipi hukopesha, njia ipi hujaa maji wakati wa masika, wala jirani yupi husalimiwa kwanza. Habari za mtu huyo katika tungo zetu ni chache mno. Tunamsindikiza msafiri mpaka bandarini au kituo cha mabasi, tunamlilia, kisha tunarudi zetu, na hapana anayeuliza usiku ule alilala wapi.

Hoja hii imenijia kwa kusoma miswada. Kwa miaka kadhaa sasa vijana huniletea tungo zao nizipitie, na wengi wao ni watu waliohama: huyu katoka Makunduchi yuko Dar es Salaam, yule katoka Wete yuko Muscat, mwingine yuko Toronto na theluji imemfika magotini. Mizani zao zimetimia, vina vyao vinaitikiana. Lakini ukilifuta jina la kijiji, shairi la mmoja laweza kuwa la mwenziwe: yumo mama aliyesimama mlangoni, umo mnazi au mkarafuu, yamo machozi, na mwishoni imo ahadi ya kurudi. Mji mpya haumo. Ukitajwa, hutajwa kwa baridi yake au kelele zake, kama kwamba mtunzi aliuona kwa dirisha la gari asishuke. Siwacheki vijana hawa. Nami nililitunga shairi kama hilo, tena ndilo lililonipa sifa kuliko yote niliyoyatunga. Kwa hiyo uhakiki wangu utaanzia hapo.

Nimezaliwa Matongo, kata ya wilaya ya Tarime katika mkoa wa Mara, upande wa kaskazini wa mto uliolipa mkoa huo jina. Ukiuvuka mto, uko wilaya ya Serengeti. Niliondoka nikiwa na miaka ishirini, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilipita Musoma na Mwanza, nikapanda treni hadi Dar es Salaam, na asubuhi moja boti ikanishusha Unguja, katika bandari ya Malindi, ambako baadaye nilipata kazi ya uchukuzi wa mizigo. Nilipanga chumba Daraja Bovu. Kiswahili nilichokuja nacho kilikuwa cha darasani, kimenyooka na kimekauka. Elimu ya tungo sikuipata chuoni. Niliipata barazani, kwa kukaa pembeni na kusikiliza, na Kiingereza nikakipata kwa vitabu vikuukuu na kamusi isiyo na jalada.

Katika mwaka wangu wa pili nililitunga shairi la kuiaga Matongo, nikalisoma alasiri moja kwenye baraza la Kikwajuni nililozoea kukaa. Ubeti wake wa kwanza ni huu:

Kwaheri kilima changu, kwaheri mama na baba,
Nachukua mwili wangu, nakuachia mahaba,
Machozi ni mali yangu, yananijaa kibaba,
Matongo machoni mwangu, kukuacha ni msiba.

Nilipoufikia mshororo wa nne baraza zima likaangua kicheko. Mimi nilikusudia kusema kwamba kijiji changu kingali mbele ya macho yangu. Wao walisikia kile ambacho kila Mswahili angekisikia: kijana kaamka, tongo zimemganda machoni, na anazitangazia dunia. Mzee mmoja mshona kofia, ambaye nilikuwa nikimwita babu, hakucheka. Alichomoa sindano, akaikita kwenye kofia yake, akaniambia: “Basi kanawe uso, mwanangu. Kisha uje utwambie umeona nini.”

Nilighadhibika. Nilidhani nadhihakiwa kwa kuwa mtu wa bara. Nilikwenda na shairi langu kwingine, katika harusi na mikutano, na huko likapendwa. Wasikilizaji walishatajiwa mapema kwamba Matongo ni jina la mahali, na wenye jamaa wa mbali walitoa leso. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba neno la yule mzee halikuwa dhihaka. Lilikuwa uhakiki, tena uhakiki mfupi na wa haki kuliko wowote nilioupata. Alinitaka nioshe macho, kisha niseme nilichokiona. Katika shairi lile nilikuwa sijakiona kitu.

Tulitazame neno lenyewe, kwa maana limebeba zaidi ya kicheko. Tongo la jicho kila mtu analijua. Lakini Waswahili wana tongo jingine, na wanaojua kamusi wanalikumbuka: ni mahali palipokaliwa zamani pakahamwa, ndugu yake hame na ganjo. Kwa hiyo jina la kwetu, kwa sikio la pwani, lina uchafu wa macho na lina mahame kwa pamoja. Kwa sikio la Kikuria mambo ni mengine kabisa. Kwetu iritongo ni mkutano wa jamii, watu walioketi pamoja kusikiliza shauri na kulikata. Wingi wake ni amatongo. Sidai kwamba jina la kata limetoka huko, wala sitaki kuligeuza neno kuwa hirizi. Nasema tu kwamba mtoto wa Kikuria akilisikia neno hilo huona watu wamekaa, na mtoto wa pwani akilisikia huona watu wameondoka. Shairi langu lilikuwa limesimama katikati ya masikio hayo mawili, na mimi mtunzi sikujua.

Kutoka huko kwetu nataka kuazima neno jingine, maana lugha ya uhakiki wetu inalihitaji. Mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji katika eneo letu la Nyamongo. Tangu hapo kaya nyingi zimepimwa, zimethaminiwa na kuhama. Habari za fidia na mabishano yake zimeandikwa sana magazetini, nami siziingii hapa. Katika hali hiyo watu wa kwetu walilipa neno “kutegesha” maana mpya. Kutegesha ni kujenga kibanda upesi, au kupanda miti na mazao upesi, katika ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa, ili mthamini atakapopita avihesabu. Sisemi kwa kulaumu. Mtu asiyejua kesho atalala wapi hujitafutia kesho kwa njia aijuayo. Lakini nyumba ya kutegesha ni kitu cha ajabu kukitazama. Ina kuta, ina paa, ina mlango. Haina jiko lenye masizi wala kizingiti kilicholika kwa miguu. Imejengwa ili iachwe, na ilipwe.

Nikiitazama nyumba hiyo nililiona shairi langu. Lina kuta nane kwa nane, lina paa la vina, nalo lilijengwa ili lithaminiwe: msikilizaji apite, ahesabu machozi, alipe yake. Ndani yake hakai mtu. Kile kilima hakina jina, ingawa mimi nakijua jina lake na nakijua jiwe lililokatika upande wa mashariki. Mama na baba wamesimama bila ya kazi, ilhali katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama yangu amesimama bila ya kazi. Na hicho kibaba! Mama hakupata kupima kitu kwa kibaba. Alipima kwa debe. Kibaba nilikiokota pwani, kikaingia katika ubeti kwa kuwa kina cha mwisho kilikuwa -ba na baraza lilikuwa likinitazama. Basi katika ubeti wa kuiaga Matongo kitu pekee chenye umbo ni kile ambacho Matongo haikuwa nacho.

Shairi la namna hiyo nitaliita shairi la kutegesha, na kipimo ninachokipendekeza kwa tungo zote za uhamaji ni swali moja: je, humu ndani anakaa mtu? Tukitembee na kipimo hiki katika kazi chache tunazozijua wote.

Al-Inkishafi inapita, tena bila ya kuombewa. Magofu yake si mtego wa machozi. Mshairi hamwombi msomaji amhurumie kwa yaliyopotea. Anauandama moyo wake mwenyewe, anaudai hesabu, na Pate ni ushahidi katika kesi hiyo. Anayekaa ndani ya utenzi ule ni mtu aliye hai, anayejua kwamba zamu yake inakuja. Kosa si lake bali letu, tulioyachukua magofu tukauacha moyo unaohojiwa.

Kutoka Pate twende mjini Unguja, kwa mtu aliyehamia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika ukoo wa wafinyanzi, akauza vyungu, na mwaka 1911 akahamia mjini. Hakufikia katika majumba ya mawe, alifikia Ng'ambo. Msomaji wa visiwani hana haja ya kuelezwa Ng'ambo ni wapi, lakini pengine tumelizoea mno jina hata hatulisikii. Kulikuwa na mkono wa bahari uliotenga pande mbili za mji, na daraja lililotuachia jina la Darajani. Maji yale yamefukiwa zamani, lakini upande wenye watu wengi zaidi ungali unaitwa upande wa pili. Kila anayekuja mjini na furushi lake huanza kwa kuwa mtu wa ng'ambo ya kitu fulani.

Shaaban Robert alipouandika wasifu wa Siti aliona jambo ambalo watunzi wetu wa leo wangelifaidi: utukufu wa mwanamke huyu haukutokana na kuilalamikia Fumba. Alijifunza ala na sauti, aliiimba kwa Kiswahili taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika kasri, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi. Zaidi ya hayo, aliutazama mji aliouhamia na kuutaja kwa majina. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja na akauawa. Fikirini: mji mzima una wenyeji wa kuimbwa, naye mhamiaji wa Fumba akamwimba mgeni ambaye mji haukumlinda. Huko hakuna kutegesha. Nyimbo zile zilikaliwa na watu waliojulikana mitaani, na ndiyo maana Ng'ambo ilizishika.

Katika riwaya, mfano ninaoupenda ni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kufanyiwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Tumeizoea kama riwaya ya kupigania uhuru, na ni kweli. Lakini isomeni mara moja kama kitabu cha makazi. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima asiyemtaka, anahamishiwa Mombasa na kuikimbia ndoa. Akirudi Unguja jamaa zake wanamfungia mlango. Anapokelewa na Mwajuma, huko Ng'ambo. Umbali aliokwenda si wa meli wala treni, ni wa dakika chache kwa miguu, na hata hivyo kahama kuliko wengi waliovuka bahari: chakula kingine, muziki mwingine, namna nyingine ya kuchekeana na jirani. Shafi hakuharakisha. Aliwaacha wanawake wale wawili waishi pamoja mpaka msomaji akaamini kwamba Yasmin ana kwao. Na aliyemfanya awe na kwao si mji. Ni mtu mmoja, Mwajuma, aliyekubali kusogea kidogo ili mwingine apate pa kukaa. Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya mapambano katika kitabu hiki. Juu ya Mwajuma kama mwenyeji yameandikwa machache.

Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameyajaza maandishi yake ya Kiingereza na watu wetu waliohamia kwingine. Katika By the Sea, riwaya ya mwaka 2001, mzee wa Unguja aitwaye Saleh Omar anatua Gatwick kuomba hifadhi, na katika mzigo wake ana kijisanduku cha udi. Ofisa wa uhamiaji anakichukua. Nikiwa mfasiri, nimeisoma sehemu ile mara nyingi nikijiuliza ningeiweka vipi katika lugha yetu, na kila mara naona kwamba Kiswahili kingeifupisha, kwa kuwa msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa udi ni wa nini. Udi si picha ya kuning'iniza ukutani ili kukumbukia kwenu. Udi hufukizwa: katika nguo, katika chumba, mgeni anapokuja. Mzee yule alibeba kitu cha kukalia mji mpya, na hicho ndicho kilichochukuliwa. Gurnah hamwandikii machozi. Anamwachia mzee akili zake zote, hata ujanja wa kujifanya hajui Kiingereza, na sisi tunaona hasara kwa ukubwa wake bila ya kuoneshwa kwa kidole.

Kwa Euphrase Kezilahabi nina deni la namna nyingine. Yeye alizaliwa Namagondo, Ukerewe, nami nilizaliwa upande wa mashariki wa ziwa lile lile. Diwani yake ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974, na mashairi yake yasiyofuata vina wala mizani, watu wa pwani wengi waliipokea kama mtu aliyeingia barazani na viatu. Mabishano yale ya miaka ya 1970 yamekwisha kuandikwa, nami nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa arudhi, mkali kuliko wenyeji. Sasa najua sababu, na si ya kujivunia. Mgeni anayeogopa kufukuzwa huketi kwa kunyooka mno. Niliivaa arudhi kama kanzu ya kuazima, na ndiyo iliyoniletea kile kibaba. Kezilahabi aliingia katika mji wa ushairi wa Kiswahili kwa nguo alizotoka nazo nyumbani, akasema: hivi ndivyo ninavyosema. Mimi sikumfuata, vina na mizani vimekuwa makazi yangu na ndani yake napumua. Lakini alinifunza kwamba mtu anaweza kuhamia katika lugha ya wengine bila ya kwanza kujifuta.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi zito. Litasema: wewe umehama kwa hiari yako, kijana wa miaka ishirini mwenye miguu mizima. Wako wasiohama kwa hiari. Kwa hao kilio ni ushahidi, na kumwambia mlizi anawe uso ni kumsaidia yule anayetaka mambo yasahauliwe. Je, mahame yasipoliliwa, nani atajua kwamba palikaliwa?

Nakubali zaidi ya nusu ya neno hilo. Ninalolikataa ni dhana kwamba shairi la kutegesha ni ushahidi. Ushahidi hutaja. Mthamini anapopita katika boma huhesabu: vyumba, miti, makaburi, kila kimoja kwa idadi yake. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinataja hata posho ya usumbufu, na posho ya makazi hukokotolewa kwa kodi ya pango ya mwezi mmoja mara 36. Miezi 36! Sheria, ambayo hatuisifu kwa upole wa moyo, inakiri kwamba kupata makazi si jambo la siku ya kushuka garini; inalipa miaka mitatu. Sisi washairi tunalipa mshororo mmoja. Ikiwa karani wa serikali ameihesabu miembe yote, basi mshairi ana kazi ya kutaja kile ambacho fomu ya karani haina safu yake: nani alizoea kukaa chini ya mwembe upi, na kwa nini. “Kilima changu” haikufanyi shahidi. Mtu yeyote anaweza kuwa na kilima.

Kisha iko nusu ya pili ya ushahidi, ile tunayoiacha. Aliyehamishwa ana haki ya kuonekana akiwa hai. Tukimwacha milele mlangoni pa nyumba iliyobomolewa, tunamfanya kuwa sehemu ya gofu, na hilo halimfai yeye. Linatufaa sisi tunaopenda kulia. Miezi 36 yake, pamoja na makosa yake na vichekesho vyake, nayo ni habari.

Miezi yangu ilikuwa zaidi ya 36. Siku moja, miaka mingi baada ya kicheko cha Kikwajuni, nilijaribu kuutunga mji badala ya kijiji. Nilianza na jambo dogo lililonipata wiki ya kwanza, sokoni Darajani, nilipoomba nyanya, mwenye meza akacheka na kunipa jina linalotumika hapa:

Sokoni nataka nyanya, muuzaji kacheka,
Midomo akiifinya, tungule akazishika,
Kwa upole kanikanya, jina nikalitamka,
Mji ukanikusanya, kwetu ndipo nikafika.

Siuleti ubeti huu kama kielelezo cha ustadi. “Midomo akiifinya” imekuja kwa kuitwa na kina, na yeyote aliyewahi kutunga ataiona mara moja. Nauleta kwa sababu ya neno moja ambalo sikulipanga. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kuufunga mshororo wa mwisho, na mkono ukaandika “kwetu.” Nilisita. Maisha yangu yote kwetu ni Matongo. Ukiniuliza leo kwetu wapi, nitakujibu hivyo hivyo. Lakini ubeti ulikuwa tayari umekwishaamua, na sikuweza kuufuta bila ya kusema uongo. Basi mtu ana kwao kuwili, na cha pili hakikuja kwa kukifuta cha kwanza. Kilikuja kwa tungule, na kwa mchuuzi aliyenisahihisha asinifukuze.

Mama yangu naye amehama. Boma letu halipo tena pale lilipokuwa, na yeye sasa anakaa Tarime mjini, katika nyumba yenye umeme na majirani asiowazaa wala kuwakuza. Nilikwenda kumtazama mwaka 2019. Usiku nilitoa daftari, nikamuuliza anachokikosa zaidi cha Matongo. Nakiri nilikuwa nategesha: nilikuwa natafuta beti. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama bado najua kupiga misumari. Kumbe jioni wanawake wa mtaa huja kukaa naye mbele ya nyumba, na benchi lake lilikuwa limelegea mguu mmoja. Alilitaja kwa mzaha kuwa ni iritongo lake. Nililifunga daftari nikaenda kuazima nyundo kwa jirani, na kwa kuwa mama alinielekeza kwa jina la kila mlango niliopita, nilijua kwamba mwanamke huyu wa miaka zaidi ya sabini ameshausoma mji ule kuliko mimi nilivyousoma Unguja kwa miaka mitatu.

Natengeneza diwani yangu sasa. Shairi la kuiaga Matongo nimeliondoa, na wanaolipenda wataninunia, nawaomba radhi. Mahali pake nimeliweka lile la tungule, na jingine la benchi ambalo bado halijanyooka. Yule mzee mshona kofia ametangulia mbele ya haki. Lau angekuwapo, ningerudi barazani nikamsomea ubeti wa sokoni. Najua asingelia, na sidhani kama angesifu. Angechomoa sindano akaniuliza tungule siku hiyo zilikuwa bei gani fungu, nami ningelazimika kwenda kutunga ubeti wa pili.